Nani aliandikwa? Kisulisuli cha Minneapolis na tetemeko letu la Bukoba

Ndugu zangu, hasa wa Hamugembe na Kashai, na ninyi mliotawanyika Dar, Mwanza na kwingineko ambao mnapita hapa kila mwisho wa wiki kuangalia kama bado nahema. Nahema. Kimya changu ni zamu za usiku tu. Wazee ninaowatunza kazini hawalali, na mimi nikirudi nyumbani asubuhi silali vizuri. Basi blogu inaota nyasi.

Leo nina jambo. Juzi mdogo wangu alinipigia simu akaniuliza: "Kaka, hivi ni kweli huko kwenu watu wanafanya kazi bure, tena wanagombania nafasi?" Nikacheka, nikamwambia ni kweli kabisa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na hao wanaofanyiwa, wanashukuru?" Hapo sikumjibu haraka. Nikamwambia nitaandika, kwa sababu kwenye simu ningemaliza salio lake na langu.

Nianze na sifa, maana mimi si mtu wa kula chakula cha mwenyeji kisha nikamtukana. Watu wa Minnesota wanajitolea kwelikweli. Hii ni nchi ya theluji; gari la jirani likikwama asubuhi anatoka mtu usiyemjua na koleo lake, anakukwamua, anaondoka bila hata kukuambia jina. Na maafa wanayajua. Tarehe 6 Mei 1965 vimbunga 6 vilipiga viunga vya Minneapolis jioni moja, watu 13 wakafa; wazee ninaowalea bado wanasimulia jinsi walivyokaa chini ya ngazi wakisikiliza redio. Machi 1998 kimbunga kiliubomoa mji mdogo wa St. Peter, kusini kidogo mwa hapa, na watu wa kujitolea wakamiminika kwa maelfu. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa furaha mpaka leo. Ndiyo maana mwaka 2011 hakuna aliyetegemea kwamba hadithi ingekuwa tofauti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Mei 2011. Sisi watu wa Kagera mnajua hatuupendi mwezi huo: siku moja kabla ilikuwa kumbukumbu ya MV Bukoba, miaka 15 tangu izame, na mimi nilikuwa nimekaa na simu nikiongea na watu wa nyumbani mpaka usiku wa manane. Jumapili mchana, saa nane na kitu, ving'ora vikalia. Nilikuwa Brooklyn Park, kaskazini mwa jiji. Nikateremka chumba cha chini ya ardhi na majirani zangu Waliberia, tukakaa huko tukisikiliza redio. Kwetu hakikufika. Kilianzia upande wa magharibi, St. Louis Park na Golden Valley, kikavuka bustani kubwa ya Theodore Wirth, kikaingia kaskazini mwa Minneapolis, kikavuka mto Mississippi na kuendelea hadi Fridley. Kwenye mto kulikuwa na visiwa ambavyo korongo wakubwa wa kijivu walijenga viota kila mwaka. Miti ikaanguka, viota vikaisha.

Hiki ni kisulisuli ambacho wenyeji wanakiita tornado. Si kimbunga cha baharini kile cha Msumbiji. Ni upepo mwembamba unaozunguka kama pia, unafagia mtaa huu na kuuacha ule. Vinapimwa kuanzia EF0 hadi EF5, na hiki kilikuwa EF1, yaani cha pili kutoka chini. Kwenye karatasi kidogo tu. Lakini kilipita juu ya nyumba za mbao za zamani zilizobanana chini ya miti mirefu, na majengo zaidi ya 3,700 yakaharibika. Mtu mmoja alikufa papo hapo, gari lake liliangukiwa na mti. Kisha saa chache baadaye, jioni ileile, kisulisuli kingine cha daraja la juu kabisa kiliipiga Joplin, jimbo la Missouri, kikaua watu zaidi ya 150. Kamera zote zikaenda Joplin, na ni haki. Siwezi kulalamika kwa niaba ya mtu ambaye paa lake limetoka mbele ya mtu ambaye mtoto wake amekufa. Lakini paa lilitoka.

Sasa lazima mjue ni akina nani wanakaa pale kaskazini, la sivyo habari hii haieleweki. Ni mtaa wa Wamarekani weusi, Wahmong waliotoka Laos baada ya vita, na sisi wageni wa Kiafrika kidogo kidogo. Zamani zile hati za nyumba katika sehemu nyingi za mji huu ziliandikwa kabisa kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu asiye mweupe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamezitafuta na kuzipata kwa maelfu. Watu weusi wakabaki na mitaa michache. Upande wa pili wa mto, Saint Paul, walikuwa na mtaa wao wa Rondo, ukapasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94 miaka ya 1950 na 1960. Kaskazini mwa Minneapolis, barabara ya Plymouth ilichomwa katika ghasia za 1966 na 1967. Baada ya makubaliano ya kesi ya mwaka 1995, nyumba za serikali za Sumner Field na jirani zake zilibomolewa ili zijengwe mpya, na wengi waliohama hawakurudi. Kisha ikaja 2008, mabenki yakachukua nyumba za watu waliokopeshwa mikopo ya hovyo. Mtaa mzima ukawa na mbao madirishani.

Kwa hiyo kisulisuli kilipofika, kilikuta watu ambao kila mgeni aliyewahi kuja na karatasi na kalamu alikuwa amewaondolea kitu.

Siku za kwanza polisi waliziba njia, ikatolewa amri ya kutotembea usiku, na wenye mamlaka wakawaomba watu wa kujitolea wasubiri kwanza mpaka nyaya za umeme na gesi ziwe salama. Mimi naelewa. Waya wa umeme ukiwa chini ya matawi hauonekani. Lakini mtu ambaye mvua inamnyeshea kitandani haelewi kwa nini shemeji yake mwenye turubai anazuiwa barabarani. Tena redioni mtu angesikia habari ya waliovamia duka la pombe mara nyingi kuliko habari ya watu wa mtaa waliokuwa wamekwisha kuanza kazi. Maana walikuwa wameanza! Kabla hata ving'ora havijanyamaza, vijana walikuwa wanatembea nyumba kwa nyumba wakigonga, "Mama, uko mzima?" Mwenye chensoo akatoa chensoo, mwenye jenereta akavuta waya mpaka kwa jirani mwenye dawa za kisukari kwenye friji. Watu waliweka majiko ya mkaa barabarani wakachoma nyama zote zilizokuwa zinaharibika, wakagawa. Nyumbani tungesema hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kujitolea. Hakuna aliyeandika.

Mimi nilikwenda baadaye, Jumamosi moja ya Juni, na kundi la watu niliokuwa nafanya nao kazi. Kulikuwa na mpango sasa. Shirika la huko huko kaskazini, Urban Homeworks, lilikuwa limebeba mzigo wa kupanga watu wa kujitolea, na mashirika ya mtaa yalikuwa yameungana kwenye timu moja, Northside Community Response Team. Kundi letu lilikuwa la mtu mwingine kabisa, simtaji. Tukapewa glavu, chupa ya maji, stika ya jina, na kabla ya yote karatasi: andika jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya. Msimamizi alisisitiza sana ile saa ya kutoka. Nikadhani ni mambo ya bima.

Tukafika kwenye nyumba moja ya mama mtu mzima, umri wa Mama Mkubwa, amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Mti mkubwa ulikuwa umelala uani, tukaukatakata. Pembeni kulikuwa na kichaka cha maua, kimeinama upande mmoja, nusu kimevunjika. Mimi ndiye niliyekikata. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: ni mimi, kwa mkono wangu, hakuna aliyenituma. Niliona kimeharibika, nikataka tumalize uwanja uwe msafi, nikakata mpaka chini na kuburuta matawi mpaka kando ya barabara, nimejaa jasho na kujisikia mtu mwema.

Yule mama akasimama. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Akaniuliza, "Nani alikwambia ukate hicho?" Nikasema samahani, mama, nilidhani kimekufa. Akasema kimepandwa na mume wake. Mume hayupo. Akakaa tena.

Nilibaki nimesimama kama mwizi wa kuku. Baadaye wakati tunasaini kutoka, akaja polepole mpaka kwenye meza akaangalia ile karatasi. Akamwuliza msimamizi: mpwa wangu amekaa hapa siku 3 akikata miti ya mtaa huu tangu siku ile ya kwanza, mstari wake uko wapi? Msimamizi, kijana mpole tu, akasema karatasi ni ya leo. Mama akasema, "Sawa," akarudi barazani. Ndani ya gari wenzangu wakasema yule bibi hana shukrani.

Niliibeba hiyo karatasi kichwani muda mrefu mpaka nikaanza kusoma ili nijue ni ya nini. Hebu nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Rais Obama alitangaza maafa rasmi tarehe 7 Juni 2011. Tangazo kama hilo lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mali ya umma: kuzoa miti barabarani, kutengeneza majengo ya serikali, gharama za polisi na zimamoto. Mlango wa pili ni wa mtu binafsi: paa lako, kodi ya mahali pa kulala. Kaskazini mwa Minneapolis walifunguliwa wa kwanza. Wa pili FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, ilikataa. Gavana Mark Dayton akakata rufaa, nayo ikakataliwa.

Kwenye mlango wa kwanza serikali kuu inalipa angalau asilimia 75, na zinazobaki ni za wenyeji. Na kanuni inaruhusu saa za watu wa kujitolea, zikiandikwa vizuri na jina na saa ya kuingia na kutoka, zihesabiwe kama fedha katika hilo fungu la wenyeji. Ndiyo maana ya karatasi! Jasho langu la Jumamosi linaweza kugeuka dola kwenye daftari la mji. Jasho la yule mpwa, kwa kuwa hakusaini popote, ni jasho tu. Na kwenye mlango wa pili, kanuni za wakati ule zilisema kwamba katika kuamua kama watu binafsi wasaidiwe, mojawapo ya mambo ya kupima ni kiasi gani mashirika ya kujitolea yanaweza kuwatimizia mahitaji yao. Soma tena hiyo. Yaani tulivyozidi kujaa mitaani na glavu zetu, ndivyo ilivyokuwa rahisi mtu wa mbali kusema, si mnaona, wana wa kuwasaidia. Sisemi hiyo ndiyo sababu waliyonyimwa. Bima nayo ilihesabiwa, na mengine. Nasema tu kwamba watu waliopokea msaada wetu hawakuwahi kuonyeshwa hesabu ambamo msaada huo uliingia, na baadhi yao walinusa kwamba ipo.

Wengine walilinganisha na daraja. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W lilianguka mtoni hapa hapa Minneapolis, watu 13 wakafa. Ndani ya siku chache Bunge la Marekani likaidhinisha dola milioni 250, na Septemba 2008 daraja jipya likafunguliwa. Nilisikia mtu kwenye foleni ya chakula akisema, daraja lilikuwa na bahati, lilipitisha magari ya watu wote.

Tena kutoaminiana kuna gharama yake, na wanaolipa ni walewale. Mara baada ya kisulisuli walijaa mafundi wa kutoka majimbo mengine, wanagonga mlango, wanataka usaini ili wachukue fedha za bima yako, kisha hawaonekani. Basi watu wakaacha kufungua mlango. Aliyekuja kwa nia njema na turubai la bure akakuta pazia limevutwa. Fedha za michango nazo, kama zile zilizokusanywa kupitia Minneapolis Foundation, zilipitia kwa mashirika, na mashirika yakahudumia watu, lakini mpangaji ambaye mwenye nyumba wake yuko Florida na hapokei simu anauliza, "Mimi niliona shilingi ngapi?" Mwaka uliofuata bado ungeyaona maturubai ya bluu juu ya mapaa ukipita barabara ya Penn.

Mnajua sasa naelekea wapi.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, mchana, ardhi yetu ikatikisika. Kipimo 5.9. Sikuwa nimelala, simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, na baba mdogo hakuwa anapatikana mpaka jioni yenu. Watu 17 walikufa, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, Ihungo na Nyakato zikafungwa. Baba mdogo alilala kwenye migomba na familia yake wiki kadhaa, na mvua za Bukoba mnazijua haziulizi. Akaniambia, "Wamekuja kutuandika." Wiki iliyofuata, "Wamekuja tena kutuandika." Mara ya tatu akasema hivyo nikacheka bila kutaka, nikamkumbuka yule mama wa barazani. Mpwa wake hakuandikwa hata mara moja. Baba yangu mdogo aliandikwa mara tatu.

Michango ilitoka pande zote, nchi jirani, mabalozi, wafanyabiashara, watoto wa shule. Kisha mwezi huo huo wa Septemba Rais Magufuli akawaondoa maofisa kwa habari ya akaunti iliyofunguliwa kwa jina lililofanana na ile rasmi ya maafa. Na Januari 2017 alipofika Bukoba akasema wazi kwamba serikali haitawajengea watu nyumba zao, kwani haikuleta tetemeko. Fedha zingeenda shule, hospitali, barabara. Ndugu zangu, mnaiona ile milango miwili? Wa umma umefunguliwa, wa nyumba ya mtu umefungwa. Zimbabwe kidogo ingekuwa ajabu, lakini hii ni Marekani na Tanzania, nchi ambazo hazifanani hata rangi ya vumbi. Siwezi kusema shule ya Ihungo isingejengwa. Mimi mwenyewe nilitamani kusoma pale. Ila waliochangia walikuwa wameona picha za nyumba za watu.

Sisi hapa tulikaa kikao kwenye sebule ya mwenzetu mmoja, Watanzania wa miji hii miwili, pilau na chai. Tulikuwa tumeanza kuchanga kabla habari ya akaunti haijatoka. Ilipotoka, kikao kikawa vita. Mmoja akasema turudishiane fedha. Mwingine akasema tupeleke kanisani. Mwislamu akauliza kanisani kwa nani? Mimi, nikijifanya mzoefu wa maafa, nikasema tutume moja kwa moja kwa simu, mtu kwa mtu, kila mmoja ataje anayemjua. Likapita. Tukatuma. Baba mdogo akapata bati zake na mifuko ya saruji.

Miezi michache baadaye akaniambia jambo ambalo hakulisema kwa ubaya. Nyumba ya nyuma yake kuna bibi anaishi na wajukuu wawili. Ukuta wake ulianguka kuliko wa kwake. Hana mtu Marekani, hana mtu Dar, hana hata simu. "Mlituma kwa tunaojuana," akasema. Yeye na vijana wa mtaa walimchangia miti na udongo wakamsimamishia chumba kimoja. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyeliandika hilo. Akasema, "Waandike nini? Tulikuwa watu sita na jembe."

Kwa hiyo mdogo wangu, kama wanashukuru au hawashukuru, bado sijui nikwambie nini. Yule mama wa kaskazini nilimrudia kiangazi kilichofuata na mche wa maua ya aina ileile niliyoununua dukani, dola 20. Aliyefungua mlango alikuwa mtu mwingine. Akasema hamfahamu, wao wamehamia majira ya baridi. Nikaondoka na mche wangu, nikaupanda nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga, na wenye nyumba wakatuongezea kodi tukahama nao ukabaki.

Haya, saa imefika, zamu inaanza na theluji imefunika gari. Nisalimieni Baba Mdogo, na mtu mmoja aniambie kama yule bibi wa nyuma bado yupo.